Gari Jeupe na Mitungi ya Mama Mkwe

Niseme mapema kwamba nilikuwa na majivuno. Nilikuwa nimekaa Mombasa miaka minne katika gereji moja, kazi yangu kupiga rangi magari na kuyang'arisha, na niliporudi Garsen niliona kwamba mto mzima haukuwa na mtu anayejua lolote kuhusu kung'aa. Watu walinijia na malori yaliyofunikwa matope mpaka kwenye vioo, wakaniambia, "Fundi, tuandikie jina kwenye mlango." Nami nikawauliza, "Mlango uko wapi?" Walicheka wakidhani natania.

Banda langu lilikuwa la miti na makuti ya mkoma, nyuma ya duka la Msomali mmoja aliyeuza sukari, bafta na mafuta ya taa, na aliyenunua ng'ombe kwa wafugaji waliokuja kunywesha mifugo. Ubavuni mwa banda kulikuwa na ua wa makuti, na ndani ya ua ndiyo nyumba yangu, na ndani ya nyumba mke wangu, mimba yake ya kwanza ikiwa imefika mwezi wa tisa. Kwa ajili ya mimba hiyo, mama yake alikuwa ameteremka kwa mtumbwi kutoka Kinakomba, siku kadha wa kadha mtoni, amebeba mchele wa shamba lake, asali, na mitungi miwili, maana hakuwaamini watu wa Garsen kuwa na mizuri.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Katika ukoo wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani uso kwa uso. Si ugomvi, ni adabu, na adabu hiyo ilishikwa barabara. Nikiingia uani yeye hujitanda kanga na kugeukia ukuta. Akiwa na neno na mimi, humwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia hata nikiwa barabarani. Mke wangu akiwa hayupo, humwambia kuku, au kinu, au mlango. Nami humjibu kwa njia hiyo hiyo. Nyumbani tulisema Kipokomo, na maneno yetu ya siku zile nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini kuku wetu nadhani alizijua lugha zote mbili.

Mama mkwe alikuwa na desturi yake, ambayo ni desturi ya wanawake wengi wa mtoni. Akifika kwa binti yake, kitu cha kwanza ni sufuria. Huzikusanya zote, hata zile zilizosahauliwa juu ya dari, huzipeleka ukingoni mwa mto, na huzisugua kwa mchanga, majivu na kumbi la nazi mpaka masizi ya mwaka mzima yatoke. Kisha huzitundika uani juani ili kila apitaye ajue kwamba nyumba hii imefikiwa na mama. Siku ya pili tangu awasili, ua wetu uliwaka mpaka wavushaji wa kivuko wakauliza kama nimefungua duka la vyombo.

Sasa gari. Lilikuja siku ya Jumanne, likitoka njia ya Malindi, na nililisikia kabla sijaliona. Halikuwa na sauti ya lori wala ya gari la serikali. Lilinguruma chini kwa chini, kama linalojizuia. Nilitoka bandani na brashi mkononi, na nikaliona likiinama kwenye kona ya duka: gari la mbio, jeupe, la viti viwili, paa lake la turubai, pua yake ndefu na madigadi yake ya mviringo. Jeupe nalisema kwa imani tu, maana wakati ule lilikuwa na matope ya rangi tatu tofauti. Lakini penye magoti ya dereva mlango ulikuwa umefutwa kidogo na suruali yake, na hapo niliiona rangi yenyewe. Miaka minne ya Mombasa sikuwahi kuachiwa kulishika gari la namna ile isipokuwa magurudumu.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Lamu aliyetajirikia Mombasa, mnene, mcheshi, amevaa kofia ya kiua na miwani ya kuzuia vumbi. Alikuwa akishindana na gari lile kwenye mbio, na sasa alitaka kulifikisha Mokowe, ng'ambo ya Lamu, ili watu wa kwao wamwone kwenye harusi ya dada yake. Wavushaji walimcheka. Njia ya Witu ilikuwa imemezwa na maji, na hata lori lisingepita mpaka wiki nyingine. Akasimama akiutazama mto kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Hapa pana mtu wa kuniwekea gari?" akauliza.

Nilikuwa nimeshafika mbele yake. Nilimwambia kwamba mimi ni fundi wa rangi, nimefunzwa Mombasa, na kwamba nitalitunza, nitaliosha na kulipaka nta mpaka asilitambue. Alinitazama mikono, si uso. Kisha akasema, "Fundi, hili ndilo jicho langu. Naenda kwa mtumbwi hadi Kipini, na siku ya kumi na mbili nitakuwa hapa. Nisikute hata unywele juu yake."

"Inshallah hutakuta, Bwana," nikasema.

Jumatano asubuhi alishuka mtoni, na mimi nikaanza kazi ya kutoa maagizo. Maji ya Tana, kwa asiyeyajua, yana rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mna mchanga usioonekana. Ukiosha gari kwa maji hayo, kila ufutapo unachora. Basi nilimwambia mwenye duka asiruhusu mtu alimwagie maji. Niliwaambia wavushaji wasiliegemee. Niliwaambia wafugaji waliokuja kulishangaa kwamba fimbo zao zibaki nje ya banda. Niliyachota maji mwenyewe, nikayaacha yatuame kwenye pipa usiku kucha, nikayachukua ya juu tu, nikaliosha gari polepole kwa bafta laini. Alhamisi jioni lilikuwa limetakata. Yalibaki madoa machache tu ya udongo mwekundu kwenye boneti na mlango wa kulia, ambayo nilipanga kuyatoa kwa subira. Garsen nzima ilikuwa imeonywa.

Mtu mmoja tu sikumwonya. Sikuweza kumsemesha, na sikukumbuka kumtuma mke wangu.

Ijumaa nilikwenda msikitini, na baada ya sala sikurudi moja kwa moja. Nilikaa kivukoni nikiwasimulia watu jinsi ya kulifuta gari jeupe, kwa mistari iliyonyooka na si kwa kuzungusha mkono, na jinsi Mombasa tulivyokuwa tukilitazama gari kwa upande, jua la asubuhi likiwa chini, ili tuone kila mkwaruzo. Nilijisikia mtu mkubwa. Wakati huohuo, kama nilivyokuja kuelewa, mama mkwe alikuwa amemaliza sufuria zote za nyumba yangu, amezunguka akitafuta cha kusugua, akachungulia bandani, akaona sufuria kubwa kuliko zote, nyeupe, na ina madoa.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa ua, mkono kiunoni, anatabasamu. "Mama amekusaidia kazi," akasema.

Niliingia bandani. Boneti yote, kutoka kwenye taa mpaka kwenye kioo, ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga wa mto, majivu na kumbi. Mlango wa kulia pia, na nusu ya madigadi. Madoa hayakuwepo, hilo nilishuhudie. Na mng'ao haukuwepo. Rangi ilikuwa imepauka kama chokaa ya ukutani, na ndani yake mlikuwa na mikwaruzo ya duara juu ya duara, mamia, mizuri, iliyofuata mkono wa mwanamke mwenye nguvu na mapenzi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Gereji walikuwa wakiniita kiberiti. Mdomo ulinifunguka, na lau angekuwa mtu mwingine, hata mwenye duka mwenye mabunduki ya ukoo wake, ningemtukana. Lakini kupitia mwanya wa makuti nilimwona amesimama nyuma ya jiko, kanga mpaka puani, mgongo kwangu, haondoki. Alikuwa anangoja. Mikono yake ilikuwa imevimba vidoleni kwa kazi aliyonifanyia kwenye jua.

Nilifumba mdomo. Kisha nikaufungua tena.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kufika Kinakomba, "mwambie ahsante sana. Mikono yake ina baraka."

Kanga ikatikisika kwa furaha. Akaingia ndani akiimba.

Nilikaa chini kando ya gurudumu, nikajua nimejifunga. Mwenye gari akirudi akalikuta vile, atauliza ni nani, na hapa kila mtu atamjibu. Mama mkwe atatahayari mbele ya watu wa mto. Na mwanamke wa ukoo ule akitahayarishwa nyumbani kwa mkwewe hakai hapo hata usiku mmoja. Atapanda mtumbwi arudi kwao, hatakanyaga tena kwangu, na mke wangu atazaa mtoto wa kwanza bila mama yake. Mke wangu alikuwa akiuogopa mno uzazi. Tangu mama yake afike ndipo alipoanza kulala vizuri. Kwa hiyo gari lilipaswa kupona, na kupona bila mama mkwe kujua kwamba liliugua. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kopo langu la dawa ya kusugulia rangi nililolileta kutoka Mombasa lilikuwa limekauka, imebaki kama ukucha mmoja chini. Nilikuwa na nusu karatasi ya msasa wa maji. Basi. Nilikwenda nyuma ya duka kumwuliza Msomali kama ana chochote, na ilinibidi nimweleze.

"Warya!" akapiga kelele, maana hakujua kunong'ona. "Alisugua kwa mchanga? Gari ya mbio, kwa mchanga?"

"Polepole, ndugu yangu."

"Mama ya bibi yako? Hii gari yote?"

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Nyuma ya ua kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka, kikanyamaza. Nikadhani ni kuku. Mwenye duka hakuwa na dawa ya rangi, lakini aliapa kwa Mungu kwamba hatatamka neno, na alinipa bafta dhiraa mbili bila kuniuliza zaidi. Alikuwa na mama mkwe yeye pia, Garissa.

Usiku ule kitu kilinijia nikiwa nakunywa maji. Mama mkwe alikuwa na mitungi mitatu, miwili yake na mmoja wetu, iliyopangwa kwa safu kando ya jiko. Maji ya mto yalimwagwa katika wa kwanza. Yakituama siku nzima, ya juu yalihamishiwa wa pili, na ya wa pili yalihamishiwa wa tatu, na kwenye wa tatu ndipo tulipokunywa. Ndivyo wanawake wa mtoni walivyosafisha maji tangu nipate akili. Nilichokuwa sijakifikiri ni tope linalobaki chini. La mtungi wa kwanza ni mchanga. La wa pili ni kama unga wa mahindi. La mtungi wa tatu, ambalo huchukua siku nyingi kushuka, ni laini kama poda ya mtoto. Na dawa ya kusugulia rangi inayotoka ng'ambo ni nini, kama si udongo laini ndani ya mafuta?

Asubuhi nilichovya kidole katika tope la mtungi wa tatu nikaliweka kati ya meno ya mbele. Ndivyo fundi wangu wa Mombasa alivyojaribu dawa mpya. Likilia kwenye meno, litachora. Halikulia. Nilitaka kuruka.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, "asimwage tope la mtungi wa tatu. Nalitaka."

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Mwanangu, mwulize mumeo, kwani mwenye mimba ni wewe au yeye? Mbona anatamani kula udongo?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilisema ni la kumalizia kazi ya mama, kwamba yeye amefanya kubwa na mimi nafanya ndogo. Niliona nimejibu kwa werevu mkubwa.

Nikaanza. Nililikanda tope lile na mafuta kidogo ya ufuta na povu la sabuni, nikalikunja bafta mara nne, nikachukua sehemu ndogo ya boneti isiyozidi sahani, na nikasugua kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, mkono mwepesi. Nilipochoka nilifuta nikatazama. Hakuna kitu. Nikasugua tena. Kufikia adhuhuri, mahali pale palianza kunirudishia kivuli cha kidole changu. Kivuli chenye ukungu, lakini kivuli. Nilipiga vigelegele peke yangu kama wanawake harusini, na mfugaji mmoja aliyekuwa akipita akasimamisha ng'ombe wake wote aone kuna nini. Nilimwonyesha. Akajitazama, akakenua meno, akaridhika, akaenda.

Ndivyo siku zilivyokwenda. Sahani moja asubuhi, sahani moja jioni, kisha mbili mbili mkono ulipozoea. Mikwaruzo mirefu niliitangulia kwa msasa wenye maji, nikishika pumzi, kwa sababu rangi si ngozi, haioti tena. Chini yake kuna rangi ya kwanza, nyekundu, na ikichungulia hapo huna la kufanya. Kwenye ukingo wa boneti, karibu na taa ya kulia, palikuwa na mkwaruzo mmoja wa kina, urefu wa kiganja. Niliufuata, nikaufuata, mpaka nikaona weupe unaanza kuwa na haya, una wekundu kwa mbali. Nikaacha papo hapo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ule nilimwachia Mungu.

Cha ajabu ni kwamba sikukosa tope wala maji. Siku ya tatu ya kazi niliona mitungi imekuwa mitano. Mama mkwe alikuwa ameazima miwili kwa jirani. Kila alfajiri, nikifungua banda, nilikuta bakuli la tope laini mlangoni, limefunikwa kwa jani la mgomba, na ndoo ya maji maangavu. Nilidhani maji yanakusanywa kwa ajili ya uzazi, na hilo bakuli ni utii wa kawaida kwa mkwe. Mke wangu naye alikuwa na lake. "Sijui mama amechoka?" akaniambia. "Sufuria zinarudi nyeusi, wala hazisugui. Anaziosha kwa majani tu." Nikasema labda vidole vinamwuma. Nilikuwa na kazi, sikufikiri zaidi.

Na nilikuwa na furaha, hilo lazima nilikiri, furaha ambayo haikumfaa mtu aliye hatarini. Asubuhi jua lilipopenya chini ya makuti nililala kifudifudi kwenye mkeka nikiitazama boneti kwa upande, na kila siku duara za mkono wa mama mkwe zilikuwa zimepungua, na nyuma yake kulikuwa na weupe mzito, wa ndani, kama maziwa ya ngamia kwenye kibuyu. Gereji nilikuwa nikifanya kwa kuwahi. Hapa sikuharakishwa na mtu ila mwenye gari na mtoto, na wote wawili hawakuwa wamefika. Wakati mwingine mama mkwe, akipita nyuma ya ua, alilisemesha gari lenyewe. "Wewe gari, mwambie mwanamume huyo ale, wali unapoa." Nami nikajibu, "Gari, mwambie mama nakuja." Mpaka leo sijui gari jingine lililowahi kufanywa mshenga.

Siku ya kumi na moja nilipata nta kwa mrina asali wa Chara, nikaiyeyusha, nikaichanganya na mafuta ya taa mbali na moto, nikaipaka gari lote, nikaifuta. Usiku ule nilililaza chini ya shuka mbili za kitandani. Mke wangu alilalia kanga yake, na hakulalamika.

Mwenye gari alifika siku ya kumi na mbili, kama alivyosema, ameunguzwa na jua la mtoni na anasimulia harusi kabla hajashuka mtumbwini. Wavushaji walimfuata, mwenye duka akafunga duka, na wafugaji wawili wakaja na fimbo zao wakaziacha nje bila kuambiwa. Nilivuta shuka.

Mwenyewe alilizunguka mara moja, mara mbili. Aliinama kwenye boneti, na kofia yake ya kiua ikamtokea ndani ya rangi, nyuzi zake zote zikihesabika. "Sijaliona hivi tangu nilinunue," akasema polepole. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mbio na alizijua rangi, akaanza kupitisha ukucha. Mlango. Madigadi. Boneti. Ukucha ulifika kwenye ukingo, karibu na taa ya kulia, ukasimama.

"Na huu?"

Watu wote walinitazama. Mwenye duka alitazama angani. Nyuma ya makuti sikusikia hata kuku.

"Huo ni wangu, Bwana," nikasema. "Mchanga ulininasia kwenye kitambaa. Ni kosa la mkono wangu."

Alinitazama mikono tena, kama siku ile ya kwanza. Ilikuwa imechubuka vidole vyote. Kisha akapasuka kicheko. "Gari hili limeshapigwa mawe Nairobi na matope Voi, na wote hao hawakunisafishia hata taa. Huu nitauacha. Wakiniuliza nitasema nimechanjwa Garsen." Aliniachia kopo jipya la dawa ya rangi kutoka chini ya kiti, halijafunguliwa, lakini likinuka Mombasa, akawasha gari, na jeupe lile likaondoka likinguruma, likiwa na mbingu nzima juu ya pua yake. Tulisimama tukilitazama mpaka vumbi likalala.

Mke wangu alizaa siku tatu baadaye, alfajiri, msichana, na mama yake ndiye aliyempokea. Nilimsikia akimwambia mtoto maneno ambayo sikuyajua hata moja, na mke wangu akicheka katikati ya kulia. Nilisimama nje ya ukuta nikamshukuru Mungu kwa kila kitu mpaka kwa majivu na kumbi.

Siku ya saba nilikuwa nimeketi kizingitini. Mama mkwe alikuwa uani, juu ya kibao, mgongo kwangu kama kawaida, anamwogesha mjukuu kwenye karai. Mke wangu alikuwa amelala. Zaidi ya kuku, kinu na mlango, sasa palikuwa na mtu mpya wa kupitishia maneno, na mama mkwe akamtumia.

"Wewe mjukuu wangu," akasema, akimmiminia maji kifuani, "mwambie babako asinitazame kwa wasiwasi. Haya ni maji ya mtungi wa tatu. Na mchanga sijaugusa tangu Ijumaa ile."

Kifuniko kilichoanguka nyuma ya ua. Mitungi mitano. Bakuli lililofunikwa kwa jani kila alfajiri. Sufuria zilizorudi nyeusi. Alikuwa anajua tangu siku ile ile ya kwanza. Siku tisa nilimficha, na siku tisa alinichujia tope usiku ili niweze kumficha, akaniacha nijione mwerevu. Niliona haya, na ndani ya haya nikaona furaha iliyonijaa mpaka kooni. Nilimpenda mwanamke yule, na sikuwa na ruhusa hata ya kumtazama usoni.

"Binti yangu," nikamwambia mtoto. "Mwambie bibi yako, sufuria za nyumba hii zinamngoja. Na hakuna mkono mwingine ninaoutaka uziguse."

Mabega yake yalianza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka mtoto naye alipopiga kelele na yeye akasema, "Haya, haya, nimesikia, mwambie nimesikia."

Kesho yake niliamshwa na sauti ya kumbi juu ya chuma, kule mtoni, mkono ukizunguka bila kuchoka. Nilipotoka, sufuria zote zilikuwa zimetundikwa uani juani, na sikuweza kupita bila kufumba macho.